Mwezi wa Dresden na picha yangu ya rangi ya chai: nisugue na kiazi?

"Shikamoo mama. Nipo Dresden, Ujerumani, mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi. Siku moja ya mapumziko nilipelekwa makumbusho ya Albertinum, nikasimama muda mrefu mbele ya mchoro wa Johan Christian Dahl, Dresden usiku wa mwezi mpevu. Mwezi unang'aa utadhani kuna balbu nyuma ya turubai. Baadaye, kwenye soko la vitu vikuukuu kando ya mto Elbe, nikakuta picha ya rangi ya mafuta inayofanana nao: mji, mto, mwezi. Nikainunua kwa euro 60. Lakini yangu yote ni rangi ya chai ya mkandaa, na mwezi wenyewe kama kiini cha yai. Mama mwenye nyumba anasema nikate kiazi kibichi nisugue, uchafu utatoka. Mwenzangu wa darasani anasema niache, michoro ya Kiromantiki ndivyo ilivyo, huzuni na ukungu. Nani mkweli? Na huyo Dahl alitumia rangi gani mpaka mwezi ukawaka? Mimi nimepiga picha mji ule ule usiku kwa simu, nikaambulia doa jeupe na giza. Naogopa nimeliwa pesa, au nitaharibu kitu cha maana."

Marahaba, mwanangu. Hicho kiazi kirudishe kapuni kwanza, ndipo tuzungumze.

Una hofu mbili: kwamba umeliwa, na kwamba ukigusa utaharibu. Ya kuliwa tutaifikia. Ya kuharibu ina msingi kabisa, na nimefurahi umeuliza kabla ya kugusa, maana barua nyingi hunifikia baada ya kiazi. Mama mwenye nyumba ana ukweli kidogo: huenda juu ya picha yako kuna kitu ambacho hakikuonekana hivyo siku ilipochorwa. Mwenzako naye anao kidogo: si kila giza ni uchafu. Lakini kiazi si dawa, na rangi ya chai si Uromantiki, ule mtindo wa wachoraji wa Ulaya wa mwanzoni mwa karne ya 19 waliotanguliza hisia. Naomba nianze na swali lako la mwisho, la mwezi wa Dahl. Ukishajua ule wa makumbusho unawashwa na nini, utajua wako umezimwa na nini.

Dahl hakuwa na rangi inayowaka. Nyeupe iliyong'aa kuliko zote katika kibweta cha mchoraji wa zama zake ilikuwa nyeupe ya risasi, yaani ya madini ya risasi, na hiyo haitoi mwanga wowote. Hurudisha tu mwanga wa taa za ukumbini. Nyeusi yake nayo si giza tupu, kwa sababu uso wa picha una mng'aro unaorudisha mwanga kidogo hata pale palipo peusi. Ukipima, sehemu nyeupe kabisa ya picha ya mafuta huipita sehemu nyeusi kabisa kwa mara ishirini au thelathini hivi, basi. Sasa fikiria usiku wenyewe. Uso wa mwezi mpevu na kivuli kilicho chini ya upinde wa daraja vinatofautiana kwa maelfu mengi. Mchoraji ana ngazi ya vidato vichache, na anatakiwa aiegemeze kwenye mnara mrefu. Afanyeje?

Rudi Albertinum siku ukipata nafasi, fanya jaribio hili. Simama hatua kama nne kutoka kwenye picha (si kubwa sana, ni sentimita 78 kwa 130), fumba jicho moja, uzibe mwezi kwa kidole gumba. Utaona kwamba mbingu haifi. Mawingu yaliyouzunguka mwezi yanaendelea kung'aa, kwa sababu mwanga mwingi unaoudhania ni wa mwezi umechorwa nje ya mwezi. Dahl ameanza na duara dogo la nyeupe, akashuka kidato kimoja kwenye kingo za mawingu, kingine tena, na tena, mpaka akafika kwenye majengo yaliyoupa mwezi kisogo na kugeuka maumbo ya giza: kuba la kanisa la Frauenkirche, minara, matao ya daraja. Jicho la binadamu likikuta mwanga unaofifia taratibu kutoka kitovu kwenda nje, hukiona kile kitovu kinawaka hata kama ni karatasi nyeupe ya kawaida. Chora duara hilo hilo katikati ya nyeusi tupu bila huo mteremko, utapata shilingi iliyobandikwa ubaoni.

Kwa hiyo ulipohisi kuna balbu nyuma hukukosea hisia. Hata jirani yake Dahl aliwahi kuitaka hiyo balbu kweli. Dahl alikuwa mtu wa Bergen, Norway, aliyefika Dresden mwaka 1818, na kuanzia 1823 aliishi nyumba moja na Caspar David Friedrich, mchoraji mkubwa wa mbalamwezi wa zama zile. Friedrich alichora mandhari kadhaa kwenye karatasi inayopenyeza mwanga, akaipaka pande zote mbili, ili taa ikiwekwa nyuma mchana ugeuke usiku. Moja bado ipo mjini Kassel, Ujerumani. Mimi huipenda hadithi hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba hata bingwa alichoshwa na ngazi fupi. Dahl akabaki na turubai na vidato vyake.

La pili ni ubuluu. Watu husema mbalamwezi ni ya buluu. Siyo. Mwezi ni jiwe jeusijeusi, linarudisha mwanga wa jua kiasi cha lami kuukuu ya barabarani, na mwanga unaourudisha umeegemea wekundu kidogo kuliko wa jua lenyewe. Ubuluu unatoka ndani ya jicho lako. Mwanga ukiwa mwingi tunatumia seli za jicho zinazotambua rangi; ukipungua sana zinachukua zamu seli nyingine zisizojua rangi, na hizo huchangamkia upande wa buluu na kijani na kuwa vipofu kwa nyekundu. Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkyně, aliliona hili mwanzoni mwa karne ya 19, akitazama maua alfajiri. Bibi yako angeweza kumwambia bila darubini. Tandika kanga yenye nyekundu na buluu uani umeme ukiwa umekatika, mwezi upo: nyekundu inazama iwe nyeusi, buluu inabaki imepauka kama majivu. Wewe wa zamu za usiku unalijua hilo wodini taa zikizimwa.

Dahl angechora rangi anazozijua kwa akili, picha ingekuwa ya mchana iliyotiwa giza. Alichora rangi anazoziona. Halafu, na hapa ndipo penye utamu, akaweka mwanga wa pili. Tazama madirisha na taa za upande wa mji: manjano ya joto, vitone vidogo, vingine vimedondoka majini vikawa michirizi. Dresden ilianza kuwashwa taa za gesi mwaka 1828, na picha hii ni ya 1839. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, reli kati ya Leipzig na Dresden ilifunguliwa yote. Kwa hiyo huu si mji wa hadithi za kale, ni mji uliokuwa unaingia kwenye mashine, na mchoraji ameweka nuru mbili zitazamane, ya juu baridi na ya chini yenye moto. Kila moja inaifanya mwenzake ionekane zaidi. Ukiiondoa ile manjano ya dirishani, mwezi unapungua ubaridi wake. Shika neno hili la nuru mbili, tutalihitaji kwenye picha yako.

Mwambie basi mwenzako wa darasani kwamba kuna kitu amechanganya. Ukungu upo katika michoro ya Kiromantiki, na huzuni ipo. Friedrich aliweza kujaza turubai kwa ukungu mpaka ukahisi baridi mgongoni. Lakini ukungu wa kuchorwa una kazi. Unasogeza vitu mbali, unapausha mnara wa nyuma kuliko wa mbele, unazifanya rangi za mbali ziegemee buluu kama milima ya Uluguru ukiitazama kutoka barabarani. Kitu kinachofunika picha nzima sawasawa, mbele na nyuma, juu na chini, hicho si hewa ya mchoraji. Na Dahl hasa alikuwa mtu wa kutazama. Alichora mawingu kwa rangi ya mafuta mara nyingi sana, vipande vidogo vya mbingu tu, kama mwanafunzi wa hali ya hewa. Friedrich alipoombwa na Goethe, yule mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, mwaka 1816 amchoree mawingu kufuata mpangilio wa Luke Howard, Mwingereza aliyeyapa mawingu majina tunayotumia mpaka leo, alikataa. Aliona kuyaweka mawingu kwenye madaftari ni kuyafunga kamba. Sina hakika ningemuunga mkono. Mawingu ya Dahl yamefungwa kamba vizuri tu, na bado yanatembea.

Dhana kwamba picha nzuri lazima iwe kahawia ni ya zamani kuliko wewe na mimi. Kuna kisa kinachosimuliwa Uingereza cha Sir George Beaumont, tajiri mpenda picha, aliyetaka mandhari iwe na rangi ya fidla kuukuu. Mchoraji wa mandhari John Constable akaichukua fidla, akailaza juu ya majani ya kijani mbele ya nyumba. Hakuongeza neno.

Kuhusu simu nitapita haraka. Mwezi ni kitu kilichopigwa na jua. Mji chini yake umepigwa na jua lililokwisha kugonga jiwe jeusi na kurudi, na jua huupita mwezi mpevu kwa mwanga kama mara 400,000. Kamera ikijipima kwa mji, mwezi unaungua. Ikijipima kwa mwezi, mji unazama. Jicho hufanya vingine: linatazama mwezi, linajirekebisha, linashuka darajani, linajirekebisha tena, na akili inashona vipande viwe kitu kimoja. Dahl amechora huo mshono. Ajabu ni kwamba ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka huohuo wa 1839. Na usijilaumu kama mji wenyewe haukufanana. Daraja la Augustus alilolichora lilibomolewa, la sasa ni la 1907 hadi 1910. Kuba la Frauenkirche liliporomoka tarehe 15 Februari 1945 baada ya mabomu, likasimamishwa upya na kukamilika 2005. Ukipita pale mchana utaona mawe meusi ya zamani yamechanganywa na mapya meupe.

Sasa picha yako.

Picha ya mafuta ikikauka hupakwa vanishi, tabaka jembamba linalong'aa. Kazi yake ni mbili, kulinda na kukoleza. Rangi iliyokauka huchusha, na vanishi huirudishia kina, kama kokoto ya ufukweni ikilowa. Vanishi za zamani zilitengenezwa kwa utomvu wa miti. Na hapa utastaajabu: utomvu mmoja uliosifika sana katika vanishi za karne ya 19 ni wa kwetu. Ni sandarusi. Ilichimbwa ardhini pwani ya bara mkabala na Unguja, utomvu wa msandarusi uliozikwa muda mrefu hadi ukawa kama jiwe, ukapakiwa majahazini, kisha kutoka Zanzibar ukaenda Salem huko Marekani, na Hamburg. Ikisafishwa ilionekana ina vipele vidogo juu, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na wafanyabiashara waliitambua kwa hivyo. Ilipendwa zaidi kwa magari ya farasi na samani kwa kuwa inakauka ngumu, lakini vanishi za aina hiyo zilifika pia kwenye michoro. Sisemi iko kwenye yako. Naileta kwa sababu ugumu huo huo ndio humtoa jasho anayetaka kuiondoa, na kwa sababu, nikiri, napenda kuisema kila nikipata mwanya.

Utomvu wa mti haukai mweupe. Unakutana na hewa na mwanga, unabadilika ndani, na baada ya miongo unakuwa manjano, halafu kahawia. Tabaka la manjano hunywa ubuluu. Lipitishe juu ya picha ya mbalamwezi uone hasara inavyokwenda: nyeupe ya mwezi inageuka siagi, buluu ya mbingu inageuka kijani cha matope, na nyeusi ya kivuli, vanishi ikiwa imefifia na kupoteza uangavu, inapanda ikawa kahawia. Juu kumeshuka, chini kumepanda. Ile ngazi iliyokuwa fupi tangu mwanzo imekatwa vidato pande zote mbili. Ndiyo maana mchana uliochorwa unaweza kuvumilia vanishi kuukuu, hata ukapendeza kama jioni, lakini usiku uliochorwa unakufa. Mwezi hauzimwi na uchafu uliokaa juu ya mwezi. Unazimwa na kupotea kwa tofauti kati yake na jirani zake.

Hapo ndipo nuru mbili zinatusaidia. Chukua picha yako, isogeze karibu na dirisha mchana, usiwashe taa. Tafuta mahali mchoraji alipoweka moto: dirisha lenye taa, fanusi ya boti, chochote. Linganisha na mwezi. Kama mwezi na taa vina manjano ile ile moja, na kama hakuna pahali popote pichani penye buluu au kijivu safi, karibu hakika unatazama kupitia vanishi iliyozeeka. Kama taa zina manjano na mwezi una ubaridi wake, hata ukiwa hafifu, basi rangi ya chai sehemu kubwa aliitaka mwenyewe aliyechora.

Lakini tusikimbie. Mwezi wa manjano upo kweli duniani. Ukiwa chini karibu na upeo, nuru yake hukata hewa nyingi kabla ya kukufikia, ubuluu hutawanyika njiani, na mwezi unachomoza kama chungwa. Watu wa pwani tumeuona ukitoka baharini usiku wa kumi na nne. Angalia basi umechorwa wapi: ukigusana na paa za nyumba, una ruhusa ya kuwa kiini cha yai, ukiwa juu kabisa angani, hauna. Kuna pia moshi wa tumbaku na masizi ya jiko la makaa, ambavyo hukaa juu ya vanishi na ni jambo jepesi zaidi. Kuna mafuta ya kitani yenyewe, ambayo hugeuka manjano picha ikikaa gizani miaka, kwenye dari au chini ya kitanda, na sehemu ya umanjano huo hupungua ikirudishwa kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, bila mtu kugusa. Na kuna rangi ya kahawia iliyotengenezwa kwa lami, iliyopendwa karne ya 19, ambayo haikauki sawasawa milele. Hiyo utaijua kwa nyufa pana kama mgongo wa mamba. Ukiziona nyufa hizo, picha isifike karibu na jiko wala radieta.

Fanya na jambo hili, hata kama litakuuma. Tafuta lenzi ya kukuzia, au simu iliyo na uwezo wa kusogea karibu sana, utazame sehemu yenye rangi nyingi. Ukiona vitone vidogo vilivyopangika, ni chapa. Mwishoni mwa karne ya 19 zilichapishwa picha nyingi zilizogandamizwa mistari ya turubai na kupakwa vanishi ili zifanane na za mafuta. Hiyo nayo si wizi, ilikuwa bidhaa halali ya sebule za watu wa kawaida, ila haina ulichokitafuta chini ya umanjano.

Jaribio la mwisho la nyumbani ni la ukingoni. Kama picha inatoka kwenye fremu bila kulazimisha, bila kung'oa msumari, itazame ile milimita chache iliyokuwa imefunikwa na mdomo wa fremu. Pale mwanga na moshi havikufika sana, na mara nyingi vanishi ni nyembamba au haipo. Nimewahi kuona ukingo wa namna hiyo wenye buluu safi kama maji ya Chumbe, na sentimita moja pembeni mbingu nzima ni mchuzi.

Turudi kwa kiazi. Kwa nini watu wanaapa kwamba kinafanya kazi? Kwa sababu kina maji, na maji yanaondoa vumbi na masizi, na baada ya hapo uso unang'aa kwa kuwa umelowa. Siku ya kwanza unafurahi. Vanishi haikutoka hata kidogo. Kiazi hakiwezi kuiyeyusha. Kilichobaki ni wanga na utomvu wa kiazi ndani ya kila ufa, chakula cha ukungu wa kuvu. Na yale maji yamepenya nyufani hadi chini, kwenye tabaka la kwanza lililotandikwa kwa chokaa na gundi. Gundi inavimba, ikikauka inasinyaa, na rangi inabanduka kama magamba. Kitunguu vilevile, mkate vilevile. Sabuni ni mbaya zaidi, kwa kuwa inashambulia mafuta yaliyoikamata rangi.

Utacheka nikikwambia kwamba sisi wahifadhi wa michoro, mafundi wa kutunza na kusafisha picha kuukuu, hutumia mate. Kweli kabisa: pamba ndogo kwenye kijiti, mate, taratibu. Yana vimeng'enya na yana uvuguvugu, na kwa masizi ya juujuu yanazishinda dawa nyingi za chupa. Ila sikuruhusu. Tofauti yangu na yako si mate, ni kujua wakati wa kuacha, na hata huko kujua kulinigharimu. Nikiwa mwanafunzi nilipewa picha ndogo ya bandari usiku, mali ya familia moja. Nilianza kuzunguka mwezi kwa kiyeyusho. Pamba ya kwanza ilitoka manjano, nikachekelea. Ya pili manjano hafifu. Ya tatu ilitoka na kitu cha kijanikijani, kizuri, na ilinichukua sekunde nzima kuelewa kwamba ile haikuwa vanishi. Mchoraji alikuwa amemalizia mwezi kwa tabaka jembamba sana la rangi iliyochanganywa na utomvu, ndiyo hewa yenyewe ya picha ile, na nilikuwa nimeishika mkononi kwenye pamba. Nafasi yenye ukubwa wa ukucha. Mwalimu wangu alinyamaza tu, na hadi leo ule ukimya ndio naukumbuka.

Hatari ni hiyo hasa kwa picha za mbalamwezi. Wachoraji wa zama zile walijenga hewa kwa matabaka membamba yanayopenyeza mwanga, moja juu ya jingine, na la juu kabisa linaweza kuwa karibu ndugu wa vanishi. Anayeondoa moja bila kupima anaweza kuondoa na la pili. Mhifadhi atamulika kwanza kwa taa ya urujuanimno, ambayo hufanya vanishi ya utomvu ing'ae kijanikijani na marekebisho ya baadaye yaonekane kama madoa meusi. Kisha atajaribu viyeyusho pembeni, nukta ndogo moja moja.

Kwa hali yako, mimi ningefanyaje? Kama rangi imeshika vizuri na picha unaipenda, ningeipangusa vumbi kwa brashi laini kavu, ya vipodozi inafaa ikiwa mpya, ningeitundika kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua wala unyevu wa bafu, na ningeiacha mwaka mmoja. Hilo ni chaguo halali, wala si uvivu. Kama ukingo chini ya fremu umekuonyesha buluu na moyo haukutulii, mtafute mtu anayeitwa huko Restaurator, aliyesomea michoro, si fundi wa fremu. Uko mji mzuri kwa hilo: chuo cha sanaa cha Dresden, Hochschule für Bildende Künste, kina idara inayofundisha kazi hiyo, na chama cha Wajerumani wa taaluma hii, VDR, kinaweza kukuelekeza kwa mtu. Uliza gharama ya kuangaliwa tu kwanza. Nitakuwa mkweli: kusafishwa kote kutazidi euro 60 mara nyingi, na sokoni huenda usizirudishe kamwe. Wanaolipa hulipia kuona, si kuuza.

Pana hali ambazo hutakiwi kusubiri mwaka. Ukiona rangi imenyanyuka kama magamba, imevimba malengelenge, ina madoa ya kuvu yenye manyoya, au turubai imechanika, ilaze picha chali mahali pasafi, uso juu, uende kwa mtaalamu hivyo hivyo ikiwa imelala. Usibandike utepe nyuma. Na vipande vinavyodondoka usivikwangue wala kuvifagia vikavu. Nyeupe ya zamani ni risasi, na wewe muuguzi sina haja ya kukueleza risasi inafanya nini kwa mtoto wa mwenye nyumba anayetambaa sakafuni.

Kuhusu kuliwa pesa: picha za mji na mto chini ya mwezi zimechorwa Ulaya tangu Aert van der Neer wa Uholanzi karne ya 17, na baada ya Dahl na Friedrich zilichorwa na wengi wasio na jina, wengine wazuri, wengine wa kukidhi sebule. Yako huenda ni ya hao. Nitumie picha mbili, zote mchana karibu na dirisha bila mwanga wa kamera: moja ya mwezi na taa iliyo jirani yake, nyingine ya ukingo uliokuwa chini ya fremu. Nikiziona nitakwambia kama kuna buluu ya kutafutwa. Viazi vikaange.